Mama na Mchezo wa Kamyo

Niliporudi Bunia mara ya mwisho, nilipita sokoni asubuhi kutafuta sabuni na sukari za kumpelekea mama. Nikamkuta kijana mmoja ametandika turubai chini na kupanga juu yake vitu vya umeme vya zamani: chaja zilizokatika nyaya, rimoti za televisheni ambazo bila shaka zilishatupwa, simu za vibonyezo, na pembeni kabisa, ndani ya boksi la biskuti, kaseti za michezo. Unazijua zile, rafiki yangu. Za plastiki, nene kama mche wa sabuni, nyingine za kijivu, nyingine za njano, zenye picha ya mtu anayeruka moto ambaye ukishaiingiza kaseti humwoni popote. Nikainama, nikaokota moja, nikaipuliza mdomoni kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Sikujua kwamba bado nakumbuka kupuliza.

"Ile haiko natumika tena, mama," kijana akaniambia. "Kama inakupendeza, ubebe tu."

Nikamshukuru, nikairudisha kwenye boksi. Sina mashine ya kuichezea, wala sijui nani anayo. Lakini vumbi lililotoka ndani yake, lenye harufu ya plastiki iliyowahi kupata moto, lilinifuata juu ya pikipiki mpaka kwa mama, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitaka kumsimulia mtu habari za kwa jeu, ile nyumba tuliyochezea michezo ya televisheni. Basi nakusimulia wewe.

Tulirudi Saio, mtaa wetu wa Bunia, watu walipoanza kusema kwamba sasa kuna amani. Walilitamka neno hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Soko lilikuwa limefunguliwa, shule pia, na askari wenye kofia za buluu walipita kwenye magari yao meupe wakipunga mkono. Hata hivyo kila mtu alijua anunue nyanya kwa nani na asipite mtaa gani. Nyumba yetu tuliikuta imesimama, isipokuwa nusu ya mabati ilikuwa imeondoka. Tukaifunika kwa turubai. Mvua ikinyesha tulihama upande mmoja wa chumba kwenda upande mwingine bila kusemezana, kila mtu na mkeka wake.

Tulikuwa watu watatu: mimi, mama, na koko, yaani bibi yangu, mzaa baba. Baba hakuwepo. Kabla hatujakimbia alikuwa amekwenda Iga Barrière kuchukua bidhaa zake, vitenge na chumvi, alizokuwa amemwachia rafiki yake. Barabara ikafungwa nyuma yake. Sisi tukakimbilia upande wa Beni bila yeye, na tuliporudi, barabara ilipofunguliwa, magari yakaanza kutoka Iga, yeye akawa hayumo katika lolote. Mmoja alisema alimwona akielekea machimbo ya dhahabu. Mwingine alisema hapana, yule alikuwa mtu mwingine mwenye koti kama lake. Hakuna aliyetuletea hata kiatu.

Mama hakuwa mgonjwa. Aliamka, alifagia ua, aliteka maji, alitwanga sombe, majani ya muhogo. Ila maneno yalikuwa yamemwisha, yakabaki ya kazi tu: leta, funika, ondoa. Sombe yake siku nyingine haikuwa na chumvi kabisa na siku nyingine ilikuwa chumvi tupu, na yeye aliila ileile, sawasawa, akitazama mlango. Ukimtajia baba, alijibu kwa sauti isiyopanda wala kushuka, "Iko mu njia." Basi. Koko naye alikuwa na jambo lake lililomkaa kooni. Alitaka kumlilia mwanawe. Lakini katika ukoo wetu matanga hayaanzi mke akiwa amekaa nyumbani anasema mume yuko njiani. Mwanamke wa namna hiyo humlazimishi. Kwa hiyo koko alikaa kwenye kigoda chake jikoni, akachochea makala, mkaa wa kupikia, akangoja.

Nami nilikuwaje? Ukiniuliza nilihisi nini miaka ile, sina cha kukujibu. Nakumbuka siku niliyoungua mkono kwa sufuria ya maharagwe. Niliutazama kwanza, nikaona ngozi inainuka, ndipo nikaenda kuutia majini taratibu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, darasa la sita, na nilidhani watu wote ni hivyo.

Mama jirani ndiye aliyeleta kwa jeu. Alikuwa mwanamke wa Butembo, mfanyabiashara wa vitenge, mnene, mwenye sauti iliyotangulia mwili wake kuingia mlangoni. Alikuwa akienda Kampala kuchukua mali, na safari moja akarudi na vitenge vichache na televisheni mbili, mashine za michezo za bandia zisizo na jina, na gunia la kaseti. Muuzaji mmoja kule alikuwa anafunga duka, akamsukumia yote aliyoshindwa kuyauza kwa bei ya kutupa. Mama jirani hakufungua gunia mpaka alipofika nyumbani.

Basi ndivyo sisi watoto wa Saio tulivyopata michezo ambayo dunia nzima ilikuwa imeikataa. Kulikuwa na sale nyingine, yaani ukumbi wa michezo, kule karibu na bulevari, barabara kuu ya mji, yenye michezo ya mpira na ngumi, na vijana walijaa pale mpaka dirishani. Kwetu kulikuwa na chura anayeokota miavuli. Kulikuwa na daktari wa meno anayefukuzwa na meno. Kulikuwa na mchezo mmoja wote wa maandishi ya Kichina ambao hatukuwahi kujua kama tunashinda au tunashindwa. Na ile kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ina michezo mamia, kumbe ni michache ileile, rangi ya anga tu imebadilishwa. Watoto wa bulevari walituita watu wa masalia. Hatukukasirika. Tulikuwa tumeshaitwa majina mabaya zaidi ya hilo.

Sale yenyewe ilikuwa sebule ya mama jirani. Vitambaa vyake vya kufuma vilibaki juu ya viti, na ole wako ukae juu ya kitambaa. Sisi tulikaa kwenye mabenchi aliyoazima kanisani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na grupe, jenereta ndogo ya Kichina, iliyofungwa mnyororo kwenye mti wa parachichi kama mbwa. Ilipowashwa, kuta zilitetemeka na muziki wa mchezo haukusikika tena, ulikuwa ukiuona tu. Mlangoni dada mmoja alikaanga mikate, ile ya unga wa ngano ya kuzama mafutani, na harufu yake ilichanganyika na petroli. Hata leo nikipita kituo cha mafuta, tumbo langu hulia njaa.

Mama jirani alipokea chochote mtoto alichoweza kuleta: makala kidogo, bidoni ya maji, yaani dumu, noti iliyochakaa. Mimi nililipa kwa kusoma. Unajua zile robota za viatu vya mitumba. Ndani ya viatu huwa wanajaza karatasi ili visikunjamane. Rafiki yake mama jirani aliyeuza viatu alikuwa akikuta magazeti ya Kifaransa ya michezo ya televisheni, yaliyojaa picha, akamletea. Mimi Kifaransa nilikijua kuliko wenzangu, kwa sababu mwalimu wetu hakusamehe. Alikuwa akisema, "Ukisoma kwa aibu, hakuna mutu atakuamini," na akakurudisha mwanzo wa ukurasa. Basi kabla grupe haijawashwa, nilisimama mbele ya televisheni iliyozimika, nikanyoosha lile karatasi lililochukua umbo la kiatu, nikawasomea watu habari.

Nilisoma Kifaransa kwanza, halafu nikaeleza kwa Swahili yetu. Mchezo fulani utatoka Desemba. Mchezo fulani umecheleweshwa, wapenzi wake wamehuzunika sana. Mashine fulani itapunguzwa bei. Habari hizo zilikuwa za miaka mingi nyuma, sasa najua, lakini wakati ule Desemba ilipofika tulitazama barabarani kama vile kitu kitaletwa. Nyumbani koko alikuwa na redio yake, na redio ilipotoa habari, watu wazima waliinamisha vichwa wakisikiliza majina ya vijiji. Katika habari nilizosoma mimi hapakuwa na jina la kijiji chochote tulichokijua. Hapakuwa na mtu aliyekufa akabaki amekufa. Nilipenda kuzisoma. Nasema nilipenda, ingawa labda neno hilo ni kubwa mno; mikono yangu haikuwa baridi nilipokuwa nikisoma, hilo ndilo ninalokumbuka.

Siku moja nilikuta katika karatasi picha ya kamyo, lori la mizigo la rangi nyekundu, juu ya kilima. Nikaitambua. Tulikuwa na kaseti yake ndani ya gunia na hatukuwahi kuicheza. Gazeti lilikuwa limeipa alama ya chini kabisa katika ukurasa wote. Nikasoma: mchezo wa kuchosha, dereva anapakia, anaendesha, anapakua, hakuna maadui, hakuna mashindano, epuka kabisa.

"Soma tena pale," mama jirani akasema.

"Hakuna maadui," nikarudia.

"Hakuna adui, na wanasema ni mubaya?" Akafikiri, mikono kiunoni. "Ile watu hawajachoka bado. Tia ile kaseti."

Tukaitia. Gazeti halikusema uongo. Ulipewa mizigo: mapipa, magunia, makreti ya mayai. Uliipanga nyuma ya kamyo wewe mwenyewe kwa maneti, kile kidude cha kushika mkononi, halafu ukaondoka. Kulikuwa na matope, vilima, daraja la mbao, mvua. Ukienda mbio mizigo inaanguka, na ukifika bila mizigo unarudishwa mwanzo. Wavulana waliiacha kabla grupe haijapata moto vizuri. Tulibaki mimi na watoto wawili watatu ambao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda, tukiangusha mayai.

Mama alikuja alasiri moja, mawingu yakiwa yamekusanyika. Koko alikuwa amemtuma kunifuata kwa sababu sikuwa nimeteka maji. Nilimwona mlangoni, kitenge mabegani, nikasimama mara moja. Lakini hakuwa akinitazama mimi.

"Ile kamyo iko naenda wapi?" akauliza.

Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo aliyouliza swali lolote. "Ku soko, mama. Soko ya mbali."

Akaendelea kusimama. Kamyo ikapanda kilima, mapipa yakayumba, yakaanguka moja baada ya jingine, yakabingirika mpaka nje ya skrini.

"Mulipakia mubaya," mama akasema. "Pipa muliweka juu ya mayai. Kitu ya uzito inakaa chini, inakaa katikati. Baba yako hakukufundisha?"

Watoto wakageuka kumtazama. Wote walijua yeye ni nani na walijua kwamba haongei. Mama jirani, aliyekuwa akihesabu mikate mlangoni, hakushangaa hata kidogo, au kama alishangaa alificha vizuri. Alisogeza kiti chenye kitambaa, akakiondoa kile kitambaa kwa mkono wake mwenyewe.

"Kaa, mama. Uwaonyeshe."

Mama akakaa. Alishika maneti kama mtu anavyoshika sahani ya moto. Nilimwonyesha vibonyezo. Akapakia upya, kimoja kimoja, akafikiri kati ya kimoja na kingine, kisha akaondoka polepole sana, polepole kuliko tulivyojua kwamba inawezekana. Mvua ikaanza kupiga mabati. Akafika daraja, akalivuka. Akaangusha kreti moja ya mayai mbele kidogo. Akasema, "Hapa kuna shimo," kwa sauti ya mtu anayejiwekea alama. Tulirudi nyumbani na giza na hatukuwa na maji. Koko alitutazama wote wawili, akageukia jiko lake.

Kesho yake akaja tena, na siku iliyofuata. Alimaliza kazi za nyumbani kwanza, akanawa mikono, akavaa kitenge kisafi kama anakwenda kumwona mtu, akaja kukaa kwenye kile kiti. Watoto walimpisha. Aliongea na njia: polepole hapa, hapa kuna matope, hapa usikanyage breki. Nyumbani alikuwa kimya kama kawaida, ila sombe ikawa na chumvi yake. Nililigundua hilo siku moja nikiwa natafuna, na sikumwambia mtu.

Bila shaka maneno yakatoka. Kwenye bomba la maji wanawake walisema mke wa mtu anashinda kwa jeu pamoja na watoto, kama hana nyumba. Mama mmoja wa kanisa alikuja kwetu na Biblia yake ndani ya mfuko wa plastiki, akamweleza koko kwamba haipendezi. Koko alimkaribisha ndizi za kuchoma, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Acha yeye akae," koko akasema.

"Lakini koko, ile ni mambo ya watoto."

"Nimesikia. Acha yeye akae."

Siku hiyo hiyo koko alijivuta na fimbo yake mpaka kwenye ua wa mama jirani. Alichungulia mlangoni, akamwona mkwe wake ameinama mbele ya kamyo nyekundu. Akatazama kidogo, akarudi. Alikuwa mwanamke aliyezaa watoto wengi na kuzika baadhi yao. Ni huyu mmoja tu, baba yangu, ambaye koko alikuwa hajaruhusiwa kumlilia, na aliyemzuia alikuwa pale, anavusha mayai.

Mwishowe akaja baba mkubwa, kaka yake baba. Alikuwa akiishi Mbunya, upande mwingine wa mji, mtu mrefu, mtaratibu, aliyevaa koti hata jua likiwa kali. Alimsalimu koko, akakaa, akanywa maji, akauliza mama yuko wapi. Koko akanitazama mimi. Basi nikampeleka kwa jeu.

Alilazimika kuinama kupita mlangoni. Grupe ilikuwa ikinguruma. Alisimama katikati ya watoto, kofia mkononi, akatafuta jinsi ya kuanza.

"Shemeki, jambo."

"Jambo, baba mukubwa." Mama hakugeuka. "Uningojee kidogo. Niko ku daraja."

Akangoja. Sijasahau: mtu mzima wa ukoo, mwenye koti, amesimama kimya mpaka kamyo ivuke. Hakuna mtoto aliyecheka. Magurudumu ya nyuma yalipotoka kwenye mbao, mama akabonyeza, na kila kitu kikasimama, hata mvua ya kwenye skrini.

"Sema," akamwambia.

"Siye tulikaa na wazee." Ilibidi apaze sauti juu ya grupe, na hilo halikumpendeza. "Tunataka kufanya matanga ya ndugu yangu. Mama yetu iko nazeeka. Anataka kulia mutoto wake. Ila weye hujatoa neno."

"Kuna mutu aliona mwili?"

"Hapana."

"Aliona nguo?"

"Hapana, shemeki."

"Basi mutalia nini?"

Baba mkubwa alitazama kofia yake. "Tutalia kwa sababu haiko hapa," akasema. "Ile inatosha."

Nilikuwa karibu na mama kiasi cha kuona kidole chake gumba kikisugua kibonyezo bila kukibonyeza. Alipoongea, hakupaza sauti, na nadhani ni sisi wawili tu tuliosikia, mimi na baba mkubwa aliyekuwa ameinama.

"Ku nyumba, pikipiki ikipita, nasikia yeye. Mulango ikilia, nasikia yeye. Mutu akikohoa ku njia, naweka sufuria chini, nasikiliza. Asubui mpaka magaribi. Hapa ndani grupe inafunika yote. Ni hapa tu sisikii yeye." Akapumua. "Nimechoka kusikia. Mufanye matanga. Nitapika mimi mwenyewe."

Akaniwekea maneti mkononi. "Umalize," akaniambia. "Imebaki kidogo." Akajifunga kitenge vizuri, akatoka na shemeji yake, yeye mbele.

Nikamaliza. Nilikwenda polepole kama alivyofanya, na ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote wetu kufika. Kamyo iliingia sokoni, mizigo ikashushwa yenyewe, maneno yakatokea kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja pale aliyeweza kuisoma. Kisha skrini ikawa nyeusi, kamyo ikarudi mahali pa kuanzia, tupu. Mama jirani akaenda nyuma, akazima grupe. Masikio yetu yakabaki yanalia.

Matanga yalifanyika wiki ile. Kwa kuwa hapakuwa na sanduku la kuzungukwa, koko alitoa koti la baba la kanisani, ambalo lilibaki kwa sababu alikwenda Iga na nguo za kazi, akaliweka juu ya kiti chini ya turubai. Kwaya iliimba. Mama jirani alileta grupe yake kwa ajili ya kipaza sauti, na sale ikafungwa. Watu walikuja hata wa mitaa ambayo hatukuwa tukipita, wakakaa pembeni, wakala, wakaondoka mapema. Mama alipika kama alivyosema: wali, maharagwe, makayabu, samaki wa chumvi, katika mafuta ya mawese. Alisimama juu ya masufuria, jasho likimtiririka, akawaelekeza wanawake wengine nani apewe nini.

Koko alilia. Alilia mchana kutwa kwa sauti ambayo sikujua anayo, nzito, isiyo na haraka, kama mtu anayetua mzigo alioubeba kutoka mbali na anataka kuutua vizuri. Mama hakulia. Jioni alikwenda akapiga magoti mbele ya kigoda cha koko, akaegemeza kichwa mapajani mwake, na koko akamwekea mkono kisogoni. Walikaa hivyo mpaka watu wakaanza kukunja mikeka. Mimi nilikuwa nikichambua mchele wa kesho yake. Niliwaona, nikajua kwamba ninachokiona ni kikubwa, nikaendelea kutoa mawe. Nilingoja kilio kipande kifuani. Hakikupanda. Kilikuja miaka mingi baadaye, Kisangani, nikiwa nasubiri foleni ya benki, na mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Baada ya matanga mama alianza kuuza mafuta ya mawese sokoni. Alirudi akiongea: bei imepanda, fulani amejifungua, leta hiki, kwa nini umechelewa. Alipopita kwa mama jirani alimsalimu kupitia dirishani na kwenda zake. Hakuingia tena. Hakukatazwa na mtu. Aliacha tu, kama mtu anavyoacha dawa. Mimi niliendelea kwenda. Niliitia ile kaseti peke yangu, nikapakia, nikaendesha, nikapakua, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mchezo wa kuchosha kweli. Nikamwachia mtoto aliyekuwa nyuma yangu.

Kwa jeu yenyewe haikudumu. Televisheni moja iliungua, ya pili ikabaki na mstari mweusi katikati. Yale magazeti yaliishia kufungia mikate, na kuna siku nilikula mkate juu ya habari ya mchezo ambao tulikuwa bado tunaungojea. Mama jirani alirudi Butembo kuwa karibu na watoto wake. Koko tulimzika tukiwa na mwili na sanduku na kila kitu, akaliliwa kwa wakati wake. Watoto wa benchi walitawanyika. Wengine nasikia wako Uganda, wengine machimboni, na wengine sitaki kuuliza.

Mama sasa anaishi na mdogo wake Mbunya. Nilimpelekea sukari na sabuni. Ni mzee, miguu inamsumbua, ila mdomo hausumbui. Tuliongea mambo mengi, na nilipomtajia kwa jeu akasema, "Ile grupe ilikuwa na kelele muzuri." Akaniomba nimsogezee kiti kivulini.

Kabla ya kuondoka nilipita Saio, kwenye kiwanja chetu. Nyumba ya mama jirani imegawanywa vyumba vya kupangisha. Mti wa parachichi umekatwa. Vijana wamekaa ukutani kila mmoja na simu yake, michezo yao haihitaji petroli wala benchi wala mtu wa kuwasomea habari, na kila mmoja amevaa vidude masikioni. Sijui kama wanajuana majina. Barabara ya Iga watu wanaiongelea tena kwa sauti ya chini, na kuna familia ambazo zimefika hapa na magodoro tu.

Katika kile chumba kilichokuwa sebule nilimkuta mwanamke kijana, mgeni, ametoka upande wa Djugu. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua lenga-lenga, mtoto amelala mgongoni mwake. Nilimsalimu, nikamwambia nilikulia hapa.

"Ulikuwa unakaa mu hii chumba?" akaniuliza.

"Hapana. Hapa tulikuwa tunacheza."

Akatikisa kichwa kwa adabu, akanisogezea kigoda. Nikakaa, nikachukua fungu moja la mboga, nikaanza kuchambua pamoja naye. Pikipiki ikapita barabarani. Mikono yake ikasimama, akasikiliza mpaka ikapita, halafu ikaendelea. Nilikuwa na swali mdomoni, mume wake yuko wapi, na lilikuwa swali la kawaida ambalo mgeni yeyote angeuliza. Sikuliuliza. Nikaanza kuongea mimi, kwa sauti kubwa kidogo, nikamsimulia habari za chura anayeokota miavuli.